GARI NI LETU, LAKINI FUNGUO ZIKO KWA NANI?

Mtu akinunua nyumba hupewa funguo za vyumba vyote. Hatujapata kusikia mtu amelipa fedha kamili, kisha akaambiwa: "Chumba kile cha nyuma kimejengwa, kina kitanda na godoro, lakini mlango wake tumeufunga sisi, na ufunguo uko ng'ambo." Mnunuzi wa namna hiyo angesema ameonewa, na majirani wangesema hivyo hivyo. Lakini katika biashara ya magari jambo hili hutendeka leo kila siku, na wengi wetu tunaendesha magari yenye vyumba vilivyofungwa bila kuwa na habari.

Juma hili twataka kueleza habari ya jambo moja ambalo laonekana dogo, nalo ni breki ya pikapu. Msomaji asikunje gazeti akadhani tumeacha mambo makubwa tukaingia gereji. Katika gereji ndimo tutakamoona vizuri nani bwana na nani mtumishi katika dunia hii ya mitambo.

Utingo na gogo lake

Waliosafiri kwa malori ya zamani wanamkumbuka utingo. Lori liliposimama kwenye mlima wa Kitonga, au kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, utingo aliruka chini na gogo mkononi akaliweka nyuma ya gurudumu, na dereva akapumua. Lori lilipotaka kuondoka, dereva alikanyaga mafuta, utingo akaliondoa gogo, akalikimbilia lori na kulidandia. Kazi ile ilikuwa ya hatari, na malipo yake yalikuwa madogo.

Kazi hiyo ya utingo leo imetiwa ndani ya gari lenyewe. Dereva akikanyaga breki mpaka gari likasimama kabisa, kisanduku cha breki za ABS hufunga valvu zake na kuyazuia mafuta ya breki yasirudi nyuma. Dereva akiondoa mguu, gari halisogei, wala mbele wala nyuma. Akikanyaga mafuta, valvu hufunguka na gari huondoka taratibu. Dereva akifungua mkanda au mlango, au gari likikaa muda mrefu, kazi hukabidhiwa breki ya kuegesha ya umeme, yaani mota ndogo zinazobana breki za magurudumu ya nyuma. Tusichanganye jambo hili na ule msaada wa kuondokea mlimani ulio katika magari mengi ya siku hizi. Msaada ule hushika sekunde chache tu kisha huachia. Huu tunaousema hushika mpaka dereva mwenyewe aamue.

Faida yake si anasa. Mwenye pikapu iliyobeba magunia ya mahindi, akiwa kwenye foleni ya mlimani, na nyuma yake pikipiki imembana, anajua thamani ya gari lisilorudi nyuma hata shibiri moja. Mguu wa dereva aliyeendesha tangu alfajiri huchoka, na mguu uliochoka huteleza.

Chumba kilichofungwa

Sasa sikilizeni maajabu. Huko Marekani, ambako pikapu za Ford za aina ya F zimeongoza mauzo ya pikapu tangu mwaka 1977, wenye magari waligundua kwamba baadhi ya pikapu zina kila kitu kinachohitajiwa kwa kazi hiyo: valvu zipo, mota za breki zipo, nyaya zipo, vipima mwendo vipo. Kinachokosekana ni neno moja tu katika kumbukumbu ya kompyuta ya breki, neno la "ndiyo" mahali palipoandikwa "hapana". Mwenye gari la bei ya juu ameandikiwa "ndiyo". Mwenye gari la bei ya chini ameandikiwa "hapana", ingawa vyuma alivyovilipia ni vile vile.

Waliyagunduaje hayo? Kwa programu ya kupimia magari iitwayo FORScan. Programu hii haikutengenezwa na kampuni ya Ford, bali na watu walio nje ya kampuni, nayo husoma magari ya Ford, Mazda, Lincoln na Mercury. Mtu huchomeka kifaa kidogo, kama kiberiti kwa ukubwa, kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akakiunganisha na kompyuta ya mkononi. Soketi ile si siri. Tangu mwaka 1996 kila gari dogo jipya linalouzwa Marekani lazima liwe nayo, kwa sababu serikali ilitaka moshi wa magari upimwe. Basi mlango uliofunguliwa kwa ajili ya kupima moshi ndio huo huo ambao wananchi waliupitia kuingia ndani ya nyumba yao wenyewe.

Wakiwa humo hukuta visanduku vingi, kila kimoja na kazi yake: cha injini, cha giaboksi, cha breki, cha taa, cha milango. Kila kisanduku kina safu za tarakimu na herufi zilizoandikwa kiwandani siku gari lilipozaliwa. Mwenye ujuzi hunakili kwanza safu zote kama zilivyo na kuziweka mahali salama. Kisha hubadili tarakimu ile moja, huandika upya, huzima gari, huliwasha, hujaribu. Ikiwa vyuma vyote vipo, kwenye skrini ya dashibodi hutokea jina jipya ambalo jana halikuwapo, na gari lililokuwa likirudi nyuma mlimani sasa hukaa kimya kama lililofungwa kamba.

Hakuna chuma kilichoongezwa wala waya uliokatwa. Chumba kimefunguliwa, basi.

Wanavyosema wenye viwanda

Ni haki tuwasikilize na wenye viwanda, maana anayesikiliza upande mmoja hana hukumu. Wao husema kwamba gari moja huuzwa katika nchi nyingi zenye sheria mbalimbali; kwamba si kila gari linalofanana kwa nje linafanana kwa ndani; na kwamba kitu ambacho hawakukijaribu katika gari la namna fulani hawawezi kukidhamini. Maneno haya yana ukweli, nasi hatuyakatai. Hatusemi kwamba kila kilichofungwa kimefungwa kwa hila.

Lakini yako mambo mengine ambayo hayana uhusiano na usalama. Mwaka 1998 Marekani ilitunga sheria ya hakimiliki iliyokataza kuvunja kufuli za programu. Sheria hiyo ilikusudiwa kulinda filamu, muziki na vitabu, lakini ikaja kumfunga hata mkulima mwenye trekta lake, kwa kuwa trekta nalo sasa lina programu. Ilibidi watu wapige kelele hata mwaka 2015 ndipo ofisi inayosimamia mambo hayo ikatoa ruhusa kwamba mwenye gari au trekta aweza kufungua programu yake kwa ajili ya kulipima, kulitengeneza na kulibadilisha kwa njia halali. Hebu fikirini: mtu mzima, amelipa fedha, ana hati mkononi, anahitaji ruhusa ya serikali aguse mali yake!

Mwaka 2022 kampuni ya BMW ilianza kutoza katika nchi kadhaa ada ya kila mwezi kwa kiti chenye joto, hali kiti kile na nyaya zake za joto vimo tayari ndani ya gari. Watu walikasirika, na mwaka 2023 kampuni ikaacha mpango huo wa viti. Mwaka huo huo wa 2022 kampuni ya Mercedes-Benz ilitangaza Marekani kwamba mwenye gari la umeme la aina fulani aweza kupata mwendo wa kasi zaidi akilipa dola 1,200 kwa mwaka. Mota ni ile ile. Kinachouzwa ni ruhusa ya kuitumia.

Huu ndio mtindo mpya wa biashara, na sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuna sababu ya kuutambua upesi kuliko wengine. Babu zetu walilima shamba wakaambiwa shamba si lao, wao ni wapangaji tu. Leo mtu ananunua gari na anaambiwa hali kadhalika: chuma ni chako, lakini akili iliyo ndani ya chuma ni yetu, nawe umepanga. Majina yamebadilika, mwendo haukubadilika.

Kufuli na usalama

Watu wengine watasema: "Kufuli ni kwa ajili ya wezi na wahuni." Hilo nalo lina mfano wake. Mwaka 2015 wataalamu wawili Wamarekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba waweza kuingia kwa njia ya mtandao katika gari la Jeep Cherokee lililo barabarani na kuliamrisha kutoka mbali. Kampuni iliyatangazia magari milioni 1.4 yarekebishwe. Kisha kuanzia mwaka 2018 kampuni hiyo ikaanza kuweka katika magari yake mlango wa ulinzi ambao haumruhusu fundi kubadili kitu bila kitambulisho. Twakubali kwamba gari lenye breki za kompyuta lisiachwe wazi kwa kila apitaye.

Lakini usisahau jambo lingine la mwaka huo huo wa 2015. Ndipo ilipofahamika kwamba kampuni ya Volkswagen ilikuwa imeficha ndani ya magari ya dizeli programu iliyojua wakati gari linapopimwa moshi, ikasafisha moshi kwa muda ule, kisha barabarani ikaachia sumu. Magari yapata milioni 11 duniani yalikuwa na hila hiyo. Ilikaa miaka mingi ndani ya kufuli, na aliyeiweka humo ni mwenye kufuli mwenyewe.

Kwa hiyo twasema: kufuli si ubaya. Ubaya ni kufuli ambayo mwenye nyumba hana ufunguo wake. Hata kwa ule mlango wa ulinzi tulioutaja, huko Marekani fundi aliye nje ya kampuni aweza kujiandikisha, yeye na kifaa chake, akapewa ruhusa ya kuingia. Basi yawezekana kabisa kuwa na ulinzi na haki pamoja. Anayesema haviwezi kukaa nyumba moja anatudanganya.

Wenzetu wamefanya nini

Mwaka 2012 wananchi wa jimbo la Massachusetts walipiga kura juu ya swali hili: je, kampuni za magari zilazimishwe kuwauzia wenye magari na mafundi wa nje habari zile zile na vifaa vile vile vya kupimia wanavyopewa mawakala wao? Zaidi ya watu wanane katika kila kumi walisema ndiyo. Mwaka 2014 kampuni zenyewe, zilipoona moto umewaka, zilitia sahihi mapatano ya kufanya hivyo katika nchi nzima. Mwaka 2020 wananchi wa jimbo lile walipiga kura tena, juu ya habari ambazo gari hupeleka kwa kampuni kwa njia ya mawimbi, na watu kama watatu katika kila wanne wakasema ndiyo. Kampuni zilikwenda mahakamani kuipinga kura hiyo. Mwenye nguvu haachi kitu kwa kuombwa mara moja.

Australia ilianza sheria yake tarehe 1 Julai 2022, inayowalazimisha wenye kampuni kuwauzia mafundi wote habari za matengenezo kwa bei ya haki. Na hapa hapa Afrika, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, kwamba mwenye gari aweza kulipeleka kwa fundi amtakaye hata kama muda wa dhamana haujaisha. Afrika Kusini ndiko pikapu za Ford Ranger zinakoundwa, huko Silverton, Pretoria, na Toyota Hilux zinaundwa Durban. Wenzetu wa kusini walijua kwamba kuunda gari peke yake hakutoshi, ikiwa raia hawezi kulifungua.

Na sisi je?

Sisi twanunua magari yaliyotumika kutoka Japani kwa maelfu. Nani hajapanda gari ambalo, likiwashwa, bibi mmoja wa Kijapani humwambia dereva kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa? Barabara ile iko Tokyo, na dereva yuko Ubungo! Twacheka, tumezoea. Lakini kicheko hicho kina aibu yake: tumekubali kukaa ndani ya kitu ambacho hakituelewi nasi hatukielewi. Taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, mtu anaibandika utepe mweusi asiione. Breki za ABS zimekufa, fundi anachomoa fyuzi ili taa izime. Huo si ufundi, ndugu zangu. Huko ni kumfumba mgonjwa mdomo asilie.

Wala kosa si la fundi peke yake. Vijana wetu wa gereji za mitaani ni hodari. Wanaufungua mtambo kwa spana tatu na kuufunga ukaimba. Lakini kitabu cha gari hawakupewa. Programu ya kupimia iliyo halali bei yake ni ya mbali, kwa hiyo wananunua nakala za wizi ambazo hazijulikani zimetiwa nini ndani, na vifaa vya bandia vinavyokatika katikati ya kazi. Nani asiyejua hatari yake? Kompyuta ya breki ikiwa inaandikwa upya, na betri ya gari ikaishiwa nguvu au kifaa kikakatika, kisanduku chaweza kufa papo hapo, na gari zima likabaki kama mzoga uani.

Hapa lazima tuseme kwa sauti kubwa, ili mtu asichukue maneno yetu nusu. Breki si redio. Kijana anayebadili tarakimu za breki kwa sababu ameona picha katika simu, bila kujua kama gari lile lina valvu na mota zinazotakiwa, bila kunakili safu za mwanzo, bila kuunganisha chaja ya betri, bila kulijaribu gari mahali pa wazi kabla ya kulirudisha barabarani, huyo hakufungua chumba; amechimba shimo mlangoni pa watu. Uhuru wa kugusa mali yako hauna maana ya uhuru wa kumuua mwenzako kwenye kivuko cha wenda kwa miguu. Na hata kazi ikifanywa vizuri, dereva asidhani amepata mlinzi asiyelala. Akishuka garini aweke breki ya kuegesha kwa mkono wake, na mlimani aweke na gogo. Utingo wa kompyuta hatoi udhuru kwa uvivu.

Twataka nini

Kwanza, twataka serikali zetu, ambazo hukagua magari kabla hayajaingia na kuyatoza ushuru, ziwaulize wanaoyaleta magari mapya swali jipya: je, kitabu cha matengenezo na programu ya kupimia vitapatikana kwa fundi wa hapa, kwa bei ambayo fundi wa hapa aweza kuilipa? Asiyejibu vizuri asipewe soko. Nchi moja ikisema peke yake huenda isisikilizwe. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikisema pamoja zitasikilizwa.

Pili, mnunuzi aandikiwe wazi siku ya kununua: vitu gani vimo ndani ya gari lake, vipi vimefungwa, na kwa sababu gani. Kama sababu ni usalama, aambiwe usalama. Kama sababu ni fedha, aambiwe fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ya gari ni daftari la mali.

Tatu, vyuo vya ufundi, VETA na vingine vyote, vifundishe kusoma na kuandika kompyuta za magari kama vinavyofundisha kuchomelea na kufua chuma. Fundi aliyefuzu kazi ya breki apewe cheti, na kila badiliko alilolifanya aliandike kwa jina lake katika karatasi itakayokaa na gari, ili fundi wa baada yake na mkaguzi wa polisi wajue.

Nne, mafundi wenyewe wasingoje. Mtu mmoja hawezi kununua mashine nzuri ya kupimia na leseni yake. Watu kumi wa mtaa mmoja wakifanya chama cha ushirika wanaweza, nao wakaitumia kwa zamu na kuwafundisha vijana wao. Wakulima wa kahawa walifanya hivyo tangu zamani, wakiwa na kidogo kuliko hicho. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na programu iliyo Detroit haitengenezi pikapu iliyokwama Makambako.

Wako watakaosema kwamba tunakuza mambo, kwamba neno moja katika kompyuta ya pikapu halistahili nafasi katika gazeti la wananchi. Tunawajibu hivi. Miaka ijayo pampu ya maji ya kijiji itakuwa na kompyuta, mashine ya kusaga itakuwa nayo, na ya hospitali inayo tayari. Kila moja itakuwa na neno la "ndiyo" au "hapana" lililoandikwa na mtu wa mbali. Tukizoea leo kwamba neno hilo si letu kuliuliza, kesho tutaomba ruhusa ya kuteka maji. Tukijifunza leo kulisoma, kulipima na kulibadili kwa akili na kwa sheria, tutakuwa tumemfundisha kijana wa gereji jambo ambalo hakuna bendera peke yake iwezayo kumfundisha: kwamba kitu alichokilipia kwa jasho lake ana haki ya kukijua mpaka ndani, na ana wajibu wa kukichunga kisimdhuru jirani yake.